Kunyanyua Pikapu Nyumbani: Pesa Iende Wapi

Ukiuliza kijiweni Hombolo, Dodoma, kwa nini pikapu yako inasugua tumbo, jibu ni moja: inyanyue. Mwenye duka la spea atakuunga mkono, fundi atakuunga mkono, na kijana aliyefunga spesa kwenye gari lake dogo atakuunga mkono zaidi. Wote hao wana kitu cha kuuza au cha kutetea. Wewe una fedha kidogo, mvua za Desemba zinakaribia, na njia za mashambani zikishalowa hazitakusubiri ujipange.

Anza na kazi isiyolipiwa. Ingia chini ya gari uone ni kitu gani hasa kinachogusa ardhi.

Springi za nyuma zimekaa kati ya ekseli na chasisi. Ukiweka zenye tumbo kubwa zaidi, kinachopanda ni chasisi na vyote vilivyofungwa juu yake: bodi, tanki la mafuta, ekzosi, bampa, ndoano ya kuvutia. Ekseli na bakuli la difu havipandi hata kidogo, kwa sababu hivyo vimebebwa na matairi. Mtu anaweza kulipia seti nzima, gari likaonekana refu la kupendeza, halafu difu likaendelea kukwangua mgongo wa njia ile ile.

Kwa hiyo soma mikwaruzo. Bakuli la difu likiwa limeng'aa kwa chini, dawa yako ni matairi. Ekzosi ikiwa imebonyea, au bampa la nyuma limepinda kwa kugonga ukingo wa korongo, hapo kunyanyua kutakusaidia. Na ukikuta ule mpira unaozuia ekseli isigonge chasisi umepasuka au umelika, basi springi zimechoka. Huhitaji gari refu. Unahitaji gari lirudi kwenye urefu wake.

Hilo la mwisho ndilo la wengi. Pikapu zetu nyingi zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, na tangu zifike hazijapumzika: kreti za zabibu, madumu ya maji, mchanga wa ujenzi, mbuzi wa mnadani. Majani ya springi yamenyooka taratibu na mwenye gari amezoea.

Chukua tepu uhakikishe. Egesha mahali tambarare, bila mzigo, upepo wa matairi ukiwa sawa. Pima kutoka katikati ya tairi kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, pande zote nne. Usipimie ardhini, kwa sababu tairi lililolika litakudanganya. Kisha omba kupima pikapu ya aina ile ile ambayo springi zake ni nzima. Upande mmoja wa gari lako ukiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, kuna springi iliyolala au jani lililovunjika. Vunjiko hupenda kujificha karibu na senta bolti, chini ya bamba la yu-bolti. Sugua hapo kwa brashi ya waya, ulitafute kwa ncha ya bisibisi. Ukiona mstari mwembamba wenye kutu nyekundu, umeshampata mwizi.

Kama ni hivyo, nunua springi mpya za urefu wa kawaida pamoja na bushi zake, na shokapu kama zinavuja. Utapata sentimita kadhaa ulizokuwa umezipoteza, bila kugusa breki, bila kugusa pembe za tairi za mbele, bila mazungumzo na kampuni ya bima. Hiyo ndiyo pesa inayofanya kazi kubwa kuliko zote katika makala hii.

Sasa matairi, kwa wale ambao difu ndilo linalogusa. Chukua tairi la 225/75R16, ambalo kipenyo chake ni kama milimita 744. Ukipanda kwenye 245/75R16 unafika kama milimita 774. Nyongeza ni milimita 30, lakini chini ya difu unapata nusu yake tu, milimita 15. Si nyingi, ila ni za kweli. Gharama yake ni matairi manne, na la akiba liwe la tano, maana kuchanganya vipenyo kwenye gari la kuvuta miguu yote minne kunakula gia. Spidi mita nayo itaanza kusema uongo kwa kama asilimia 4: ikionyesha 50, wewe uko 52. Mbele ya tochi ya trafiki kwenye eneo la kilomita 50, hizo mbili si zako tena.

Kama matairi uliyonayo bado yana maisha, usiyatupe kwa ajili ya milimita 15. Subiri yaishe, ndipo upande saizi.

Tuje kwenye kunyanyua kwenyewe, tuanze na nyuma ambako uchaguzi ni mpana. Nitapanga kwa gharama kuanzia chini, bila kutaja bei za dukani. Bei ya spea hucheza na dola, na namba ya leo itakuwa imeshazeeka kabla hujaifikisha dukani.

Rahisi kuliko zote ni shako ndefu, kile kipande kinachoshika mkia wa springi kwenye chasisi. Ukiirefusha kwa sentimita 5, gari linapanda sentimita 2 na nusu tu, na difu linainua pua yake kwa pembe ambayo shafti haikuzoea. Gari pia linaanza kuyumba upandeupande. Achana nayo.

Inayofuata ni bloku, kipande cha chuma kinachowekwa kati ya springi na ekseli. Sifa yake nzuri ni kwamba haibadilishi ugumu wa springi. Gari tupu linabaki laini kama lilivyokuwa. Lakini bloku inaipa ekseli mkono wa kuipinda springi kila unapokanyaga breki au kung'ang'ana kwenye mchanga wa korongo. Moja tu kila upande, ya chuma, yenye pini yake ya kukaa kwenye tundu, isizidi sentimita 5. Mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, hapana. Za mbao, hata kama fundi seremala ni shemeji yako, hapana. Na mbele kwenye ekseli ya majani usiweke kabisa, kwa sababu huko ndiko kwenye usukani na breki zenye nguvu.

Kisha kuna kupiga springi. Fundi chuma anaichoma, anaipinda, anakurudishia ikiwa na tumbo zuri. Tatizo ni kwamba chuma cha springi kilipewa ugumu wake kiwandani kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo. Makaa na nyundo vinauondoa. Ukipakia mzigo wa msimu inalala tena, au inavunjika. Wapo wanaoipinda bila moto, pigo dogo baada ya pigo dogo kutoka mwanzo hadi mwisho wa jani, na hiyo ni nafuu ya kweli kwa jani ambalo bado zima. Kwa hiyo swali ni moja: "Fundi, unapiga baridi au unachoma?" Akisema anachoma, mshukuru uondoke.

Kuongeza jani ndiyo njia ninayompendekezea mtu mwenye fedha kidogo anayebeba mzigo. Unafungua springi, unaingiza jani moja zaidi, unafunga kwa senta bolti mpya na yu-bolti mpya ndefu. Unapata kati ya sentimita 2 na nusu na 5, na gari halikai kitako likipakiwa. Chagua jani refu linalokaribia urefu wa springi yenyewe. Jani fupi nene linagonga ghafla na kuusukuma mzigo wote sehemu moja.

Bei ya njia hii unailipa gari likiwa tupu, au likiwa na mzigo mwepesi, maana linaruka. Kwa wakulima wa Hombolo hili si jambo dogo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kreti ya chini kabisa ndiyo inayoonja kila rasta. Ikifika mjini imetoa maji, mnunuzi anakata bei ya kreti nzima. Kwa hiyo jani moja, si mawili, hata kama fundi anasema la pili atakufungia bure. Kama mzigo wako mkuu ni zabibu na hubebi saruji wala mchanga, bloku ya sentimita 4 au 5 iliyofungwa vizuri inaweza kukufaa kuliko jani.

Majani ya mtumba yapo na ni nafuu, ila yanataka macho. Upana lazima ulingane na wa springi yako hadi milimita. Pima pia kutoka jicho la mbele la springi mpaka tundu la senta bolti, kwa sababu tundu hilo mara nyingi halipo katikati kabisa. Likikaa kombo, ekseli nzima inasogea, tairi linaanza kusugua madigadi na wewe unaanza kumlaumu aliyekuuzia matairi.

Juu kabisa kwa bei ni seti kamili ya kunyanyua: springi mpya za nyuma, koili au tosheni baa za mbele, shokapu nne za urefu unaoendana. Ndiyo inayodumu, na ndiyo pekee ninayoweza kuitetea ukitaka sentimita 5 mbele na nyuma kwa gari utakalokaa nalo miaka. Kwa gari unalofikiria kuliuza mwakani, hapana. Mnunuzi hatakurudishia pesa hiyo, na wengine watalikwepa wakidhani limeteswa.

Mbele ni habari nyingine. Pikapu za zamani kidogo zina tosheni baa, chuma kirefu kinachojipinda badala ya koili. Kupandisha hapo ni kukaza bolti tu, bila kununua kitu, na ndiyo maana kila fundi anaipenda. Lakini unachofanya ni kuisogeza miguu ya gari karibu na mwisho wa mwendo wake wa chini. Ukipita shimo, inagonga. Shafti za mbele nazo zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inapasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia, na shafti ni pesa nyingi kuliko springi. Sentimita 2 au 3, basi.

Pikapu za koili hupandishwa kwa spesa inayokaa juu ya shokapu. Jihadhari na hesabu yake: kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya mkono wa chini, spesa ya sentimita 2 na nusu hupandisha gari karibu sentimita 5. Anayekuuzia spesa ya sentimita 5 akikuambia "inapandisha inchi mbili tu, kaka" hajui anachouza. Za mpira laini zinabonyea na kupasuka kwa joto. Chukua za alminiamu au plastiki ngumu ya kiwandani.

Na sasa zile gharama ambazo hakuna anayekutajia dukani.

Pikapu nyingi zina rodi ndogo inayotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye vali ya breki iliyo juu kwenye chasisi. Kazi yake ni kuhisi mzigo. Chasisi ikishuka, vali inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Ikipanda, inazipunguzia ili matairi yasijifunge. Ukinyanyua gari, vali inaamini kwamba huna mzigo siku zote. Umepakia tani nzima, unakanyaga breki, na za nyuma zinashika nusunusu huku za mbele zikibeba kazi yote. Dawa yake ni ya bei ndogo: kurekebisha rodi, au kuinua kishikio cha rodi kwenye ekseli kwa kiasi kile kile ulichonyanyua gari. Wengine huifunga rodi kwa waya ibaki juu. Hao wameondoa akili ya breki kabisa, na gari likiwa tupu kwenye lami iliyolowa litawaonyesha.

Mipira ya breki ni ya pili. Gari likiwa limeinuliwa na miguu inaning'inia, mpira ukivutika kama kamba ya nguo unahitaji mwingine mrefu au kishikio kisogezwe. Shokapu ipime hapo hapo: kama yenyewe ndiyo inayoizuia ekseli isishuke zaidi, ni fupi, na itang'oka vichwa mapema. Pikapu yenye shafti ya vipande viwili inaweza kuanza kutetemeka ukiondoka. Hapo senta beringi inataka kushushwa kidogo kwa vipande vya chuma.

Kisha alaimenti. Ukigusa mbele, lazima, na lazima uende mjini, kilomita kama 40. Ukiiruka, matairi ya mbele yataliwa upande mmoja, na matairi mawili ni ghali kuliko alaimenti kadhaa. Taa za mbele nazo zitakuwa zinaangaza macho ya wanaokuja. Kuzirekebisha ni bure, skrubu mbili na ukuta wa nyumba jioni. Kama una bima kubwa, iandikie kampuni barua kabla hujafunga kitu na utunze nakala. Mabadiliko ambayo hukuyataja ni sababu nzuri ya kukataa kukulipa siku ya ajali.

Fanya hesabu hivi, kwa namba za mfano tu. Tuseme umetajiwa laki 7 kwa seti. Uliza: yu-bolti zimo? Bei hiyo ina VAT au ukidai risiti ya EFD inapanda? Ongeza alaimenti, rodi ya vali, mipira ya breki, usafiri, makato ya simu, na siku ambazo gari limelala bila kuingiza kitu. Nyongeza zikifika laki 3, seti yako ni milioni moja. Hiyo milioni ndiyo ya kulinganisha na springi mpya za kawaida, si zile laki 7.

Wapi pa kununua? Majani, senta bolti, yu-bolti na bushi nunua Dodoma mjini. Ni vitu vya kupimwa na kurudishwa, na kurudisha kitu Dar es Salaam kutakula faida yote. Seti kamili ina chaguo kubwa zaidi Gerezani, huko Dar, na kwa treni ya mwendokasi unaweza kwenda mwenyewe. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000 kwa safari moja, kwa hiyo weka 62,000 kwenye bei kabla ya chakula na mpagazi. Springi ni nzito, utaziweka kwenye basi kama kifurushi. Wenye pikapu za aina moja wawili au watatu mkichangiana mtu mmoja akaenda, hapo ndipo Gerezani inalipa.

Muuzaji akikuambia "Mzee wangu, hizi orijino kabisa," mjibu tu: "Sawa mwanangu, nipe tepu." Pima upana, pima jicho, hesabu majani, angalia kama rangi mpya imefunika kutu ya zamani. Orijino isiyoingia kwenye gari lako ni chuma chakavu.

Kufanya nyumbani kunaokoa ufundi tu, na ufundi huo ndio sehemu ndogo ya gharama. Nyuma inafanyika uani na mtu mwenye uzoefu wa spana. Mbele kwenye koili, mpelekee fundi mwenye kibana koili. Koili iliyobanwa ikiponyoka inaua, na kukodi kifaa pamoja na kwenda alaimenti vitakuwa vimekufikisha gereji tayari.

Ukifanya nyuma, udongo wetu wa kichanga unameza jeki. Weka ubao mnene chini yake, na chasisi ikae juu ya stendi za chuma, si mawe wala tofali. Tofali la kuchoma hupasuka bila kukuambia. Vizuizi mbele na nyuma ya matairi yaliyobaki chini. Siku moja kabla, mwagia bolti mafuta ya kulainisha kutu. Nunua yu-bolti na senta bolti mpya kabla hujafungua za zamani, kwa sababu zitakatika, na zitakatika Jumapili jioni. Zilizotoka zisirudi: zimeshavutika na nati hazitashika kama mwanzo. Fanya upande mmoja, ukamilishe, ndipo uende wa pili. Kaza yu-bolti kwa zamu, kona kwa kona, mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikaze tena baada ya kilomita mia moja, na tena baada ya mzigo wa kwanza mzito, maana majani mapya hujipanga na nati hulegea.

Springi zilizotoka ni zako. Fundi atazisogeza pembeni kimyakimya akitumaini umesahau, kwa sababu wahunzi wanazinunua kutengeneza mapanga, visu na majembe. Ama zipakie urudi nazo, ama zipunguze kwenye bei ya ufundi kabla kazi haijaanza.